Mwaka wa Kuieleza Nyari

Simu ya Katana ilinikuta nikichambua mchicha. "Kadzo, mwenehu," alisema, akiniita ndugu kwa Kigiriama, na kwa jinsi alivyolivuta jina langu nilijua habari si ya furaha. Mwalimu Nduku, aliyetufundisha sisi wawili Kiingereza cha kuongozea wageni tulipokuwa vijana, alikuwa amelazwa hospitali huko Kilifi. Alianguka bafuni, na watu wa nyumbani kwake walisema ulimi umemfunga. Katana hakujua zaidi ya hapo. Niliuacha mchicha kwenye ungo, nikajitanda leso na kuondoka Malindi vile vile nilivyokuwa, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitamtazamaje mwanamke yule akiwa kimya. Nilipofika wodini nilimkuta ameketi kitandani, mto mgongoni, akigombana na muuguzi juu ya uji. "Huu si moto, wala si baridi," alikuwa akisema, polepole, maneno mazito kidogo kwa sababu upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea. "Huu uji ukoje? Nipe neno." Muuguzi alikuwa akicheka. Nilisema, "Shikamoo, mwalimu," naye akaitikia, "Marahaba," akanikagua kutoka kichwani hadi viatuni na kusema, "Umenenepa. Vizuri." Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Tulikaa hadi saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha, na maongezi yetu yote yalikuwa ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa mwanafunzi wake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa nimetoka kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni. Nilifanya kibarua kule misimu miwili, nikikwangua chumvi na kuirundika, miguu imepasuka, macho yanauma kwa mng'ao wa jua juu ya weupe ule. Mkwangua chumvi haulizwi mahali anapaonaje. Anaulizwa kama amemaliza. Niliposikia kwamba Malindi kuna darasa la kufundisha waongozaji wa watalii, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa moja, nilifunga nguo zangu. Kiingereza changu kilikuwa cha shule. Nilikisoma vizuri, nikakiandika bila makosa mengi, ila kukitamka mbele ya watu nilishindwa. Na si Kiingereza tu. Hata kwa Kigiriama nilikuwa mtu wa maneno machache, na sauti yangu ilikuwa ya chini kiasi kwamba watu waliniinamia kunisikia.

Nilipata chumba Shela, kwa Bi Zuhura, mjane wa mtaa ule wa zamani, ambaye alikubali nikae kwake kwa kumsaidia kazi za jikoni. Kilikuwa chumba cha uani, chenye kitanda cha kamba na dirisha dogo lililotazamana na jiko, na alfajiri moshi uliingia pamoja na harufu ya iliki kutoka kwenye unga wa mahamri. Mpaka leo nikisikia harufu ile natafuta kitabu cha msamiati kwa mkono. Bi Zuhura alikuwa mnene, mpole, mwenye Kiswahili kipana ambacho mwanzoni kilinifanya nione haya kufungua mdomo. Alinipakulia kama anayemlisha mtoto aliyetoka kuugua. Asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi, jioni wali na samaki wa kupaka, na kila mara alisema, "Kula, mwanangu, chumvi imekunywa damu yako yote." Baada ya kuosha vyombo, alasiri, nilijifungia chumbani na kurudia maneno niliyofundishwa, kwa sauti, kwa vile ukutani hakuna mtu wa kunicheka.

Darasani hatukuwa wengi. Siku ya kwanza Mwalimu Nduku, Mkamba mrefu aliyevaa viatu vya ngozi hata kwenye mchanga, aliandika ubaoni "nice", "good", "big" na "beautiful", akayapiga mstari yote. "Haya yabaki nje, pamoja na malapa yenu," alisema. "Mgeni amesafiri kutoka mbali, amesimama mbele ya bahari, ameiona kwa macho yake. Wewe unamwambia ni nice. Umemwongezea nini?" Kuanzia siku hiyo kila kitu kilitafutiwa neno lake. Bahari haikuwa bluu tu. Penye mchanga chini ilikuwa "turquoise", bluu nyepesi ya kijani, penye miamba ilikuwa nyeusi ya kijani, na baada ya mvua, pale mto Sabaki unapomwaga matope, ilikuwa "murky", maji mazito usiyoweza kuona vidole vyako ndani yake. Katana, aliyekuwa kijana mwenye maneno kuliko sisi sote, alipenda makubwa makubwa. Siku moja alisimama na kusema kwamba ufuo wa Malindi ni "breathtaking". "Unakata pumzi?" Mwalimu akamuuliza. "Yako ilikatika lini? Ulizama?" Darasa zima liliangua kicheko, na Katana mwenyewe akacheka, kwa sababu alikuwa na bahati ya kutoona aibu. Mimi nilicheka na kuomba moyoni nisiitwe. Nilipoitwa nilisimama, neno likiwa tayari kabisa kichwani, na mdomo ukagoma.

Jikoni, kinyume chake, maneno yalitoka yenyewe. Nilikuwa nikitoa mahamri kwenye karai nasema "crispy", nachambua samaki laini nasema "tender", nafunua sufuria ya wali unaonukia nasema "fragrant". Alasiri moja, nikiwa chumbani, nilimsikia Bi Zuhura akinong'ona na dada yake aliyekuja kumjulia hali. "Yuwazungumza mwenyewe, kila siku, saa hizi hizi," alisema. "Kwa Kizungu." Dada yake akauliza kama nimeonyeshwa kwa mtu wa dua. "Si wazimu," Bi Zuhura akamjibu. "Nahisi ni mwanamume. Kuna mmoja yuwamtaja sana, Krispi. Akikaanga hamri amtaja, akila hamri amtaja. Sijui ndiye atakayemuoa." Niliziba mdomo kwa mto. Nilipotoka nikawaeleza kwamba Krispi si mtu, ni namna hamri linavyovunjika likitafunwa, na dada mtu akasikitika, kwa sababu alikwisha anza kufikiria harusi. Bi Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini baadaye alikaa karibu nami akauliza, kwa upole sana, "Mbona huku wasema vizuri namna hii, na kule wasema hawakusikii?"

Katikati ya mwaka Mwalimu alitupeleka Nyari, kule Marafa, ambako ardhi imebomoka yenyewe na kuacha korongo kubwa lenye kuta za mchanga mgumu, nyeupe juu, kisha waridi, kisha nyekundu hadi chini kabisa. Wageni hupapenda sana. Kazi yetu ilikuwa kutembea ukingoni na kushuka ndani, kila mtu achague sehemu na kuipa neno ambalo mwenzake hajalitumia. Katana alisema "majestic", yaani la fahari, kabla hatujashuka garini. Mimi nilitembea asubuhi nzima peke yangu nikinong'ona. Kuta za kaskazini zilikuwa "jagged", zenye meno meno kama msumeno. Za mashariki zilikuwa "crumbling", unazigusa zinamwagika. Kulikuwa na sehemu zilizoliwa na maji zikabaki na matundu kama midomo iliyoachama, hizo nikaziita "hollow". Na nyuma ya safu ya meno, mahali ambapo wengi hawakufika, kulikuwa na nguzo moja nyembamba ya mchanga iliyosimama imeinama, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nilikaa mbele ya nguzo ile muda mrefu nikitafuta maneno mpaka nikayapata, "slender" kwa wembamba wake na "leaning" kwa kuinama kwake. Zamu yangu ilipofika, wenzangu wamekaa kivulini wakinitazama, halikutoka hata moja. "Unayo, Kadzo," Mwalimu alisema. "Naona midomo inacheza." Akapita kwa mwingine.

Wiki hiyo hiyo nilifika ukumbini mapema, na kabla sijaingia nikasikia msimamizi wa mafunzo akizungumza na Mwalimu Nduku ndani. "Huyu wa Marereni tusijidanganye," alisema. "Mwongozaji asiyesema ni wa nini? Hoteli zinatafuta wafua mashuka, tumpeleke huko angalau apate riziki." Nilisimama nyuma ya mlango nikingojea Mwalimu Nduku anitetee. Akasema tu, "Mwache amalize muhula." Basi. Nilirudi Shela bila kuingia darasani, nikamwambia Bi Zuhura kichwa kinauma, nikalala nikitazama ukuta. Niliifikiria Marereni, majembe na ule mng'ao. Bi Zuhura aliniletea uji wa tangawizi, hakuuliza kitu, akakaa kitandani miguuni pangu akichambua mchele kwenye sinia hadi giza likaingia. Ninashukuru hadi leo kwamba hakuuliza. Angeuliza, ningesema naondoka, na nikishasema ningeona lazima niondoke.

Sehemu ya mafunzo ilikuwa kufuatana na mwongozaji mwenye leseni. Mimi nilipewa Mzee Charo, mtu wa makamo, mtaratibu, aliyeijua kazi yake. Safari yetu ya mwisho kabla ya mtihani ilikuwa Nyari tena, na wageni walikuwa wawili, mama mmoja Mwingereza anayeitwa Helen, muuguzi mstaafu mwenye kamera shingoni, na mumewe, ambaye goti lilimsumbua. Tulifika alasiri. Mume alibaki nami juu, kwenye banda la makuti, na Charo akashuka na Helen. Joto la kule chini nalijua. Hewa haitembei, kuta zinakurudishia jua usoni. Charo aliinama kuchomoa mwiba uliopenya kandambili yake, na alipoinua kichwa, Helen alikuwa amezunguka ukuta kupiga picha. Alimwita. Helen akaitika kwa furaha. Charo akaifuata sauti, lakini sauti Nyari haina mahali. Inagonga ukuta huu, inarukia ule, na unayemsikia mbele yako huenda yuko nyuma. Aliingia kijia kimoja akatoka, akaingia kingine akatoka. Mwishowe akapanda kwetu juu, jasho linamtiririka, kutazama kama atamwona. Hakuonekana. Kulikuwa na vijia kama mizizi, na jua lilikuwa limeanza kushuka magharibi.

"I'm here!" Helen alikuwa akiita, na safari hii furaha ilikuwa imetoka kwenye sauti. Kisha tukasikia mchanga ukiporomoka, na kelele fupi. Alikuwa anajaribu kupanda. Mumewe alisimama, uso mwekundu, chupa ya maji ya mkewe mkononi mwake, akanitazama mimi kwa sababu Charo alikwisha geuka kushuka tena. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimefika ukingoni kabisa, na sauti kubwa iliyotoka ilikuwa yangu. "Helen! Usipande! Simama hapo ulipo!" nilipaza kwa Kiingereza. Akajibu, "Okay!" Nikamuuliza anaona nini. "Kuta!" Za rangi gani? "Pink!" Hilo halikunisaidia, nusu ya Nyari ni waridi. Juu je? "White!" Nikamwambia asiseme rangi tena, aniambie zikoje, aniambie umbo. Alinyamaza mpaka nikadhani amepoteza fahamu. Halafu neno likapanda kutoka chini, likarudiwa mara tatu na kuta za korongo. "Jagged!"

Meno yalikuwa ya kaskazini, lakini safu ile ni ndefu. Nikamuuliza chini ya ukuta kukoje. "Hollow!" Kushoto kwake? "Nothing! Just sand!" Na mbele yako, Helen, mbele yako kabisa kuna nini? "A sort of pillar!" Nene? "No! Slender!" Nilimuuliza, nikilitamka neno lile polepole kama ninavyolitamka chumbani Shela, kama nguzo hiyo imesimama wima au ni "leaning". Jibu likaja na kilio ndani yake. "Yes! Yes, it's leaning!" Nikamgeukia Charo, aliyekuwa amesimama chini akinisikiliza, nikamwelekeza kwa Kigiriama. Asifuate sauti kabisa, azunguke safu yote ya meno kwa nyuma, apite kwenye matundu, atakuta nguzo iliyoinama, na huyo mama yuko miguuni pake. Charo akaondoka mbio. Mimi nikabaki na Helen. Niliogopa akitulia peke yake ataanza tena kupanda, kwa hiyo sikumpa nafasi. Nilimuuliza mchanga ukoje mkononi, mbingu ikoje, viatu vyake vikoje, mate yake yakoje mdomoni, naye akawa ananirushia neno moja moja, mengine sikuyajua hata maana. Mumewe alikuwa amekaa chini vumbini, ameshika upindo wa sketi yangu bila kujua. Tukaendelea hivyo mpaka ukasikika mluzi mrefu wa Charo, na baada yake Helen akicheka na kulia kwa pamoja. Nikaketi kando ya mume wa Helen. Aliinama akaweka kipaji cha uso wake begani kwangu.

Helen alipopanda juu alikuwa mchanga mtupu, kiwiko kimechubuka, midomo imekauka. Alikunywa maji yote, akanishika mikono. Aliniambia kule chini alikuwa ameanza kuhema kwa hofu, lakini kila nilipomtaka neno ilibidi atulie alitafute, na akiwa anatafuta hofu ilimsahau. Charo, mtu wa haki, aliwapigia simu wenzake usiku haujaingia, na kesho yake habari ilikuwa imefika ukumbini kabla yangu. Nilitarajia Mwalimu Nduku atanisifu. Hakunisifu. Alisema, "Kadzo, simama utueleze," kama siku zote, akakaa. Nikaeleza, kuanzia mwiba wa Charo hadi mluzi wake, kwa Kiingereza, na nilipofika kwenye nguzo Katana alikuwa amesimama juu ya benchi. Msimamizi alikuwa mlangoni. Habari ya mashuka sikuisikia tena. Mtihani wa mdomo niliuingia kama ninavyoingia jikoni, na nilifaulu.

Juzi pale hospitali nilimuuliza Mwalimu, baada ya miaka yote hii, kwa nini siku ile nyuma ya mlango hakunitetea. Alishangaa kwamba nilisikia. Alifuta mdomo kwa leso. "Alikuwa anataka nimwambie utasema lini," alisema. "Mimi nilikuwa sijui. Niliogopa kuliko wewe, Kadzo. Nilikuwa naomba Mungu kila asubuhi kabla ya kuita jina lako." Nami nilidhani alikuwa na moyo wa jiwe. Tulicheka hadi muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Mgeni wangu wa kwanza wa kumwongoza peke yangu hakuwa Mzungu. Jumapili baada ya matokeo, Bi Zuhura alitoka chumbani amevaa buibui jipya, kikapu mkononi, na kutangaza kwamba mpwawe analeta gari. "Miaka sitini nimezaliwa hapa Malindi, na hiyo Nyari siijui," alisema. "Wageni watoka ng'ambo waja kuiona. Nami nipeleke unieleze. Ila kwa Kiswahili, mwanangu, mimi hicho chako sikijui." Tulivuka daraja la Sabaki, tukapita mikorosho na mahindi, na alipofika ukingoni alisimama, akashusha kikapu taratibu, akanitazama akingojea. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuwa na la kusema kwa kukosa neno, si kwa woga. Nilijua kuiita ile nyekundu ya chini kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nilisema tu ni nyekundu iliyokolea sana. "Ile?" Bi Zuhura akasema, akinyoosha kidole. "Ile ni damu ya mzee. Na ile juu yake, zabibu. Haya, niambie na kule kwenye meno." Nikamwambia. Alipokosea neno nilimrekebisha, nilipokwama alinipa lake, na tukaenda ukingo wote hivyo, mkono wake umeegemea wangu, wote wawili tukisema kwa sauti.